Mwezi Huu Mbuke Hajalia

Wanaume wawili wazima wakibisha hodi asubuhi na mapema wakiwa na kilo mbili za sukari, mche wa sabuni na kanga mpya kwenye mfuko, ujue wamekuja kuomba kitu, na kitu chenyewe si kidogo. Mbuke alilijua hilo kabla hata hawajaketi. Alikuwa uani, ameinamia cherehani, anatia viraka viroba vya kubebea mawe. Ndiyo kazi iliyompa chumvi na vocha hapa machimboni, nje kidogo ya Katoro: kiroba kikitobolewa na mawe kinaletwa kwake, anakishona, kinarudi duarani, kwenye mdomo wa shimo, kushushwa tena chini.

"Shikamoo, mama," akasema Bartholomeo, mwenye duara.

Bartholomeo alikuwa na mvi na wajukuu. Mbuke hakuwa hata na mtoto. Kwa haki shikamoo ilipaswa itoke kwake iende kwa mzee, lakini huyu mzee alikuwa akimwamkia hivyo miaka yote, na wachimbaji wote wakimfuata, na hakuna aliyewahi kumweleza sababu. Alidhani wanamhurumia. Akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, kwa aibu, akawasogezea benchi.

Wa pili alikuwa Masalu, msimamizi wa wanaoshuka shimoni, mtu wa maneno mengi ambaye asubuhi hii maneno yalikuwa yamemkauka. Maduhu, mume wa Mbuke, alitoka ndani akifunga mkanda, akawaona wageni, akauona mfuko, akakaa kwenye ncha ya benchi na kuanza kuchunguza viatu vyake.

"Tumbo linaendeleaje?" Bartholomeo akauliza.

Mwanaume kumuuliza mke wa mwenzake habari za tumbo, mumewe akiwa pale pale! Mbuke alimtazama Maduhu. Maduhu bado alikuwa anachunguza viatu.

"Halijambo, namshukuru Mungu."

"Halijambo kabisa?"

"Kabisa. Mwezi huu hata kitandani sikulala, nilishinda kwenye cherehani. Poleni sana kwa kelele nilizowapigia miaka yote hii."

Wale wawili wakatazamana kama watu walioletewa habari za msiba.

"Hapana, mama, usituombe radhi," akasema Masalu, karibu apige magoti. "Kelele gani? Kuna mtu amelalamika? Nitajie, nikamnyooshe."

"Tunasikia umepata mashine," akasema Bartholomeo.

Ni kweli alikuwa nayo. Ilikuwa ndogo, ungeweza kuificha kiganjani. Ina nyaya mbili, na mwisho wa kila waya kuna kipande chenye gundi cha kubandika chini ya kitovu. Inaendeshwa na simu. Ukiiwasha inatekenya, kisha inagongagonga ndani ya nyama, umeme mdogo usiodhuru, na maumivu ambayo yangekuangusha chini yanakufikia yameshachoka. Ndani ya simu kuna sauti ya mwanamke mtulivu anayekufundisha kupumua na kulegeza nyonga. Jioni anakuonyesha sura zilizopangwa mstari, kuanzia inayocheka hadi inayobubujikwa machozi, anakwambia: gusa sura inayofanana nawe leo. Hakuna kidonge, hakuna sindano. Aliyemletea, mashine pamoja na simu, ni Sista Febronia, muuguzi wa hospitali ya mjini, kwa sababu Mbuke alikuwa ameandikishwa kwenye utafiti. Alimwambia waziwazi: haiponyeshi, inapunguza. Ikikusaidia, utafiti ukiisha inabaki kuwa yako.

Na ni Sista huyohuyo aliyeupa ugonjwa jina. Kabla yake uliitwa chango, ukaitwa kudeka, ukaitwa jini. Zahanati walimwambia ukizaa utaisha, naye akahangaika miaka akitafuta mimba ili apone, kumbe ugonjwa wenyewe ndio uliokuwa umeizuia mimba. Sista alimchorea mji wa mimba nyuma ya bahasha, akamwonyesha kwamba nyama inayofanana na ile ya ndani, inayotoa damu kila mwezi, kwake imeota hata nje, na inavuja mahali pasipo na njia ya kutokea. Inaitwa endometriosisi. Mbuke hakuweza kulitamka jina hilo, lakini alilia kwa furaha kusikia kwamba lipo.

"Ninayo," akamjibu Bartholomeo. "Kwani vipi?"

"Tunaomba uiweke pembeni kidogo. Si milele. Mwezi mmoja tu, tuone."

"Muone nini?"

Masalu akashindwa kuvumilia. "Mwamba wa dhahabu umekata, mama! Tangu ulivyonyamaza tunatoa mawe meupe tu. Tukifika karashani kusaga mawe wanatuuliza kama tunajenga nyumba."

"Sisi hatuulizi masharti ya mtu," Bartholomeo akaongeza haraka, huku akimtazama Maduhu kwa heshima kubwa. "Ya ndani ni ya ndani. Lakini kama sharti ni kilio, basi kilio kiwepo. Na sisi tuna watoto wanaosoma."

Masharti. Machimboni neno hilo halihitaji tafsiri. Hakuna asiyejua habari za ndagu, dawa ya utajiri ambayo mganga hakupi kwa fedha peke yake. Anakupa na sharti, na sharti humwangukia mtu wa nyumbani kwako. Mmoja hutoa akili ya mwanawe. Mwingine hufunga kizazi cha mkewe, na kila mke anapolia tumbo, chini kule dhahabu inasogea. Mbuke alishazisikia hadithi hizo za watu wengine, akatikisa kichwa, akawahurumia hao wake. Sasa alielewa kwa nini wanawake bombani walimpisha achote wa kwanza. Alielewa kwa nini mtoto wa jirani akimkimbilia, mama yake humnyakua juu juu na kucheka kicheko kisicho na furaha. Aliielewa na ile shikamoo.

"Kwa hiyo mnajua nimefungwa," akasema.

Bartholomeo aliusukuma mfuko wa sukari karibu na mguu wa Mbuke kwa ncha ya kiatu, polepole, akaaga kwa adabu zote, na Masalu akamfuata bila kugeuza mgongo mpaka alipotoka nje ya uzio.

*

"Umenifanyia?"

"Nini?"

"Usiniulize nini, Maduhu. Umenifanyia, hujanifanyia?"

"Sijafanya kitu. Naapa kwa kaburi la baba. Mganga nimekwenda kwa ajili ya ng'ombe na kwa ajili ya mguu wangu, basi."

"Wale pale bado hawajafika mbali. Wakimbilie uwaambie hivyo."

Maduhu hakukimbia. Aliinuka, akauokota mfuko, akautazama ndani, akautua tena. Alikuwa mwanaume mrefu, mpole, ambaye hakuwahi kumpiga mkewe, na watu walimsifu kwa hilo kana kwamba ni kipaji.

"Mimi sikuanzisha," akasema hatimaye. "Walianza wenyewe. Siku ile ya kwanza tulipokuta mwamba, wewe ulikuwa unalia hapa ndani, zahanati walikuwa wamekurudisha. Sauti inafika mpaka duarani. Masalu akanitazama, akaniambia, kaka, wewe ni mwanaume kweli. Mimi nikanyamaza."

"Ukanyamaza."

"Kunyamaza si kusema uongo."

"Miaka yote hii?"

"Mbuke, sikiliza. Mimi nilikuja hapa kubeba mawe mgongoni. Sina pampu. Sina karasha. Sijawahi kununua hata gogo moja la kuzuia ukuta. Unadhani Bartholomeo alinipa mgao kwa sababu ya uzuri wangu? Wenye mgao ni watu wenye mitaji. Mimi mtaji wangu ulikuwa nini?"

Alisema vile bila kukusudia ubaya, na ndiyo maana neno lilimchoma Mbuke zaidi.

"Kumbe mgao ule ni wangu," akasema.

"Ni wetu."

"Wetu! Na mimi nashona viroba nipate chumvi."

Maduhu alikaa tena. Alisema kwamba akiwaambia ukweli hawatauamini, watadhani anaficha. Na wakiuamini itakuwa mbaya zaidi, kwa sababu watauliza siku zote hizo alikuwa analipwa kwa lipi. Alisema Bartholomeo akikata tamaa atatuma vijana waje waichukue hiyo mashine. "Na mimi sitawazuia, nakwambia kweli, nisije nikakudanganya. Sitaweza."

Mbuke aliinuka akaenda ndani. Aliitoa mashine chini ya mto, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akalibana pindo kiunoni. Mwezi mmoja tu alikuwa ameishi kama watu wengine. Mwezi mmoja alikuwa amesimama wima, ameteka maji, amekwenda sokoni Katoro siku ya pili ya damu yake na kubishania bei ya dagaa kama mwanamke yeyote. Nyumba angeitoa, hata cherehani, hata Maduhu kwa saa hii angemtoa. Mashine hapana.

Maduhu alimfuata mlangoni. "Wale hawataki uumwe," akasema kwa sauti ya kubembeleza. "Wana shida gani na wewe kuumwa? Wanataka wasikie tu. Wewe baki na mashine yako, ibandike kama kawaida. Halafu lia."

"Nilie bila kuumwa."

"Kidogo tu. Wakishuka, unaacha."

*

Siku za Mbuke zilipofika tena, wachimbaji walikuja mapema, wakajibanza kwa mama muuza chai aliyekuwa akiuzia ukutani kwao, kila mtu na kikombe chake, wakijifanya wana kiu. Mbuke alikaa mkekani na ungo wa maharage. Mashine ilikuwa inagongagonga chini ya kitenge. Tumbo lilikuwa linauma, lakini maumivu ya kuvumilika, ya kuweza kuchagua nayo maharage.

"Vuta pumzi polepole," ikasema sauti ya kwenye simu. "Legeza mabega. Legeza taya."

"Mzime huyo, watamsikia," Maduhu akanong'ona mlangoni. "Haya. Anza."

Mbuke akafungua kinywa. Ikatoka sauti ya mtu anayeita mbuzi.

"Sivyo! Wewe huanzia chini."

"Chini wapi?"

"Chini, kama unanung'unika. Halafu inapanda. Halafu hapo katikati inakatika, kama kuna kitu umemeza. Ndipo unaita mayu wane, mayu wane."

Mbuke alimtazama mumewe akiwa na maharage mkononi. Yeye mwenyewe hakuwahi kujua analiaje. Mwenye maumivu hana nafasi ya kujisikiliza. Na Maduhu miaka yote alikuwa akitoka nje, akisema hawezi kustahimili kumwona vile. Kumbe hakuwa akienda mbali. Alikuwa akisimama pale nje anasikiliza, tena kwa makini.

Akalia. Alianzia chini, akapandisha, akakata, akamwita mama yake aliyekufa kitambo, na alipomwita akaona aibu ambayo hajawahi kuiona hata siku zile alizojisaidia kitandani kwa maumivu. Nje vikombe vikatuliwa. "Haya, vijana!" akasikika Masalu, na sauti yake ilikuwa imefufuka. "Mama ameamka! Shukeni!"

Wiki haikuisha, mwamba ukaonekana. Walikuwa wamegeuza upande wa kuchimba, wameacha kushoto wameelekea kulia, na mtu mwenye akili zake angeishukuru sururu. Lakini nani anaishukuru sururu? Mbuke aliletewa mguu mzima wa mbuzi na beseni la mchele. Maduhu akanunua shati. Bartholomeo alipopita mbele ya uzio alivua kofia.

Jioni Mbuke alizitazama zile sura kwenye simu. Akagusa ya pili kutoka kwenye inayocheka, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kweli. Kwenye simu hakuwa na sababu ya kudanganya. Ilikuwa imebaki mahali pekee anapoulizwa hali yake na kujibu.

*

Sista Febronia alikuwa mwanamke wa Ushirombo, mnene, mwenye haraka, aliyezoea kusafiri kwa bodaboda akiwa amekumbatia begi lake la vifaa. Ziara hii aliipanga kwa makusudi iangukie siku za Mbuke, ili aione mashine ikifanya kazi. Hakupiga simu kabla. Bodaboda ilipokata kona ya karashani akasikia kilio.

Aliingia uani mbio. Kwa mama chai wanaume waliinuka wote kumwamkia. Maduhu, aliyekuwa mlangoni, alichelewa kumwona, akakohoa, na kilio kikakatika mahali ambapo hakikupaswa kukatika.

"Umeanza lini kulia hivi?" Sista akauliza, akapiga magoti mkekani, akamshika Mbuke paji la uso. Halikuwa na joto. "Mdogo wangu, mbona hukunipigia? Simu yako inaniambia uko sawa. Kila jioni sura ya pili, sura ya pili. Dereva wangu amekusikia akataka kugeuza pikipiki."

"Nipo sawa, Sista."

"Uko sawa na unalia vile?"

Mbuke akamsogelea sikioni. Alimwambia yote kwa kunong'ona, harakaharaka, kama mtu anayetapika: duara, mwamba, sukari, sharti, vikombe vya chai. Alimfunulia kitenge akamwonyesha mashine inavyowaka. Alimwonyesha na ungo. "Nilikuwa nachagua maharage, Sista. Tazama. Mtu anayekufa anachagua maharage?"

Sista aliutazama ule ungo muda mrefu. Alikuwa amesikia mengi kwenye kazi yake, lakini hili hakuwa na mahali pa kulitia. Utafiti ulikuwa na kanuni: maneno ya mgonjwa lazima yalingane na ya mtu anayeishi naye. Wanawake wengi walikuwa wanagusa sura nzuri ili wasinyang'anywe simu. Hilo alishalikuta, na wakubwa zake walishamfokea kwa ajili hiyo.

"Nitamuuliza mumeo," akasema. "Akithibitisha, mimi sina neno."

"Muulize akiwa peke yake."

Lakini Maduhu alipoitwa hakuja peke yake. Bartholomeo alikuwa nyuma yake, kofia mkononi, na Masalu nyuma ya Bartholomeo, na mlango ule mdogo ukajaa wanaume. Sista aliwaomba wasubiri nje. Walikubali kwa heshima, wakarudi nyuma hatua moja, wakabaki palepale.

"Baba, mimi nauliza jambo moja tu," akasema Sista. "Mkeo anapolia, analia kwa maumivu, au halii kwa maumivu?"

Ni jibu la neno moja. Mbuke alimkazia macho mumewe. Hakumwomba chochote, alimtazama tu, na machoni mwake kulikuwa na kila kitu: zahanati, mimba zisizokuja, kuitwa mdekaji, ile siku ya sokoni aliyobishania bei ya dagaa akiwa amesimama wima.

Maduhu alilamba midomo.

"Analia kwa maumivu, Sista," akasema. "Analia sana. Hata majirani watakwambia."

"Kweli tupu," akasema Masalu kutoka nje.

"Anasema eti anaigiza," akasema Sista.

Maduhu alitikisa kichwa kwa huruma, na huruma yenyewe ilionekana ya kweli. "Maumivu yanamchanganya, Sista. Yakizidi anaongea vitu vya ajabu. Sisi tumeshamzoea."

"Mwongo!" Mbuke akapiga kelele, na hii ilikuwa kelele yake mwenyewe, ya kwanza kwa miezi. "Mwongo wewe! Waambie! Waambie hujanifunga, waambie naigiza, waambie ulinifundisha wewe kulia!"

Bartholomeo alijigusa kifua kwa ishara ya msalaba. Wanaume wengine walitazama chini, kama watu waliobahatika kushuhudia kitu kikubwa.

Sista Febronia aliweka mikono mapajani. Alipozungumza alizungumza kwa upole, na bila kumtazama Mbuke usoni.

"Kama ni kweli unayosema, mdogo wangu, basi hapa si mahali pa kuacha mashine, siku moja watakudhuru kwa ajili yake. Na kama si kweli, basi haikusaidii. Vyovyote vile mimi siwezi kuiacha. Ninazo chache. Kuna mwanamke Bukombe anaingojea tangu mwaka jana, analala chini ya kitanda kwa maumivu."

"Mimi je? Mimi nilale wapi?"

"Nitakuandikia vidonge. Na barua ya rufaa, ukaonwe na madaktari wa upasuaji."

"Vidonge havinisaidii. Unajua."

"Najua," akasema Sista.

Alivibandua vile vipande mwenyewe, taratibu, kama anavyombandua mtoto plasta. Aliizima mashine, akaviringisha nyaya, akaichukua na simu. Simu ilikuwa bado inasema legeza mabega, legeza taya, mpaka alipoibana begini. Nje, Bartholomeo alimlipia nauli ya bodaboda, na Sista, ambaye hakuwa na nia mbaya hata kidogo, akamshukuru.

*

Mwezi uliofuata maumivu yalikuja yenyewe, bila kupunguzwa na mtu. Yalianza kiunoni alfajiri, yakashuka mapajani, na jua lilipochomoza Mbuke alikuwa ameshajikunja ukutani, amejifunga kanga tumboni kwa nguvu zake zote, jasho linamtoka mpaka kwenye nyayo. Vidonge vya Sista alishavitapika.

Lakini hakulia. Alikuwa ameamua hivyo siku begi lilipofungwa. Alikuwa amenyang'anywa kila kitu isipokuwa hiki, na hiki ndicho walichokitaka. Watakuja na vikombe vyao, watakaa mpaka chai ipoe, na hawatasikia kitu. Mwamba ukate. Mgao ukatike. Maduhu arudi kubeba mawe mgongoni, ajue uzito wa kiroba. Aliuma pindo la kanga mpaka ufizi ukatoa damu, na kila wimbi lilipopanda aliuma zaidi, na ndani ya mateso yale kulikuwa na kitu kama furaha, furaha chungu, ya kwanza kuwa yake peke yake.

Nje walishajaa. Alimsikia Masalu akikohoa. Akamsikia mtu akisema, "Labda bado amelala."

Maduhu aliingia, akachuchumaa mbele yake. Aliona jicho lilivyomtoka mkewe, akaona kanga mdomoni, akaelewa.

"Mbuke. Wanasubiri."

Akatikisa kichwa.

"Si unaumwa kweli? Sasa unabania nini? Lia tu mke wangu, utasikia nafuu."

Akatikisa kichwa tena.

"Nakuomba. Bartholomeo ana mtu mwingine anayetaka ule mgao. Nakuomba, Mbuke."

Mbuke aliitoa kanga mdomoni kidogo, kiasi cha maneno mawili. "Kalie mwenyewe," akasema, akairudisha.

Maduhu alibaki amechuchumaa. Nje benchi lililia, mtu aliinuka. Ndipo Maduhu alipoivuta kanga mpya, ile iliyokuja na sukari, kutoka kwenye kamba. Akaikunja, akajiziba nayo mdomo, akageukia pembeni penye giza, mbali na dirisha.

Akaanzia chini, kama mtu anayenung'unika. Sauti ikapanda ikiwa nyembamba, ikakatika katikati kama kuna kitu kimemezwa, ikaanza upya, "mayu wane, mayu wane," ikazungukazunguka chini ya bati mpaka Mbuke mwenyewe akahisi nywele zimemsisimka. Hakukosea hata mahali pamoja. Alipumua pale ambapo Mbuke hupumua. Ilikuwa sauti yake hasa, na alikuwa akiisikia kwa mara ya kwanza, yeye akiwa ameuma kanga, tumbo linachanika, amenyamaza kimya.

Nje wanaume wakashusha pumzi.

"Mungu ni mkubwa," akasema Bartholomeo. "Mpeni pole mama. Haya, shukeni."

Maduhu alijifuta mdomo kwa kanga, akaikunja vizuri, akairudisha kwenye kamba. Alimtazama mkewe pale chini kwa uso wa mtu aliyemsaidia mtu kazi.

"Mwezi ujao hata usihangaike," akamwambia, akatoka kuwawahi wenzake.